Wapelekeni Watoto Miomboni

Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kupima umri wa udongo wa vichuguu vikubwa katika miombo ya Katanga, kusini mwa Kongo. Kimojawapo, ambacho mchwa walikwisha kukihama, kilikutwa na udongo wa ndani wenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mchwa walipoanza kukijenga, wahunzi wa Katanga walikuwa bado hawajamimina ile misalaba ya shaba iliyokuja kutumika katika biashara na mahari. Falme za Waluba na Walunda zilikuwa bado hazijasimama. Jiji la Lubumbashi lenyewe lilianzishwa mwaka 1910 tu.

Vichuguu vya jinsi hiyo havikujificha mbali. Katika nyanda zinazoizunguka Lubumbashi huhesabiwa vitatu hadi vitano kwa kila hekta, na vikubwa zaidi hufika kimo cha mita 8, na kitako chenye upana wa zaidi ya mita 10. Anayetoka jijini kwenda Kipushi, kilomita 30 hivi upande wa kusini-magharibi, hadi kwenye mpaka wa Zambia, huviona mashambani na hata katikati ya nyumba. Vingine vimebaki nusu, kwa sababu udongo wake hutoa matofali mazuri na wafyatuaji wamekuwa wakiuchimba miaka mingi.

Mahali penye urithi kama huo pangestahili kuwa na njia za kutembea zinazojulikana na kila familia. Mtoto wa Kipushi anaweza kumaliza shule akiwa anajua historia ya mgodi na majina ya wachezaji wa TP Mazembe, bila kupelekwa hata siku moja kutembea kwenye miombo iliyobaki katika eneo lake. Jambo hili linasikitisha. Na linarekebishika kwa gharama ndogo kuliko mengi yanayoahidiwa wakati wa uchaguzi: familia za Kipushi na Lubumbashi zianze kwenda msituni na watoto wao, na wenye mamlaka waziandalie njia, maana msitu ambao mgeni wake wa pekee ni shoka hauna wa kuutetea.

Kwanza, ni msitu gani huu? Miombo ni ukanda mkubwa wa miti unaoanzia Angola, ukapita Kongo ya kusini, Zambia, Malawi, Zimbabwe na Msumbiji hadi Tanzania. Msomaji wa Tabora au Katavi anaujua vizuri, hata kama majina ya miti yanabadilika njiani. Mninga wa Tanzania ndio mulombwa wa Katanga, mti ambao ukiukata kidogo tu gome lake hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mkusu wa Tanzania ndio ule ule unaozaa masuku yanayouzwa Lubumbashi kwa mafungu. Kando yao kuna mutondo na muputu, miti mirefu ya jamii ya kunde, yenye matawi yanayotandaza majani juu bila kuziba jua. Ndiyo maana mtu hupumua vizuri ndani ya miombo: kuna kivuli, lakini hakuna giza, na mzazi anaweza kumwona mtoto aliyemtangulia hatua 30.

Wasomi wa mimea wanaeleza kwamba sehemu kubwa ya miombo ya Katanga ya juu imechukua nafasi ya msitu mwingine mzito zaidi, unaoitwa muhulu, ambao haupukutishi majani yote wakati wa kiangazi. Moto na kilimo cha karne nyingi viliusukuma muhulu kuwa miombo, na miombo ikisukumwa zaidi hugeuka mbuga ya nyasi. Mfuatano huo ulichunguzwa kwa kina Luiswishi, kaskazini-mashariki mwa Lubumbashi, na walimu wa chuo kikuu cha jiji hilo, na taarifa yao ya mwaka 1974 bado inasomwa. Leo muhulu umebaki vipande vidogo vidogo. Mti wake mkubwa mmojawapo, Entandrophragma delevoyi, umepewa jina la Gaston Delevoy, mkuu wa misitu wa zama za ukoloni, ambaye tayari katika miaka ya 1920 aliandika kuhusu tatizo la misitu ya Katanga, wakati migodi ilipokuwa ikidai mbao na kuni bila kukoma. Wasiwasi huo, basi, una karibu karne nzima.

Kuna watakaosema kwamba kutembea msituni kwa starehe ni mambo ya Wazungu na ya matajiri wa jijini. Hoja hiyo haina mizizi. Familia za Walamba na Wabemba wa pande hizi zimekuwa zikienda msituni pamoja, bibi mbele na wajukuu nyuma, tangu zamani zisizo na kumbukumbu. Mvua zikishika, kuanzia Novemba, wanakwenda kuokota uyoga. Mvua zikikolea, wanakwenda kutafuta viwavi, vinkubala, ambavyo hukaushwa na kuuzwa hadi masoko ya mbali. Kuna pia masuku, mpundu na matunda mengine ya porini. Profesa François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi kwa miaka mingi, alikusanya elimu hiyo katika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1997 juu ya namna watu wanavyojilisha kutokana na miombo. Viwavi vinavyolika peke yake, yeye na wenzake walihesabu zaidi ya aina 30 kusini mwa Katanga. Elimu hiyo aliipata kwa wanakijiji, wengi wao akina mama, waliojifunza wakiwa watoto, kwa miguu, nyuma ya mtu mzima anayeonyesha kwa kidole.

Uyoga mmoja unatosha kumvuta mtoto atoke mbele ya televisheni. Termitomyces titanicus, uyoga mkubwa kuliko wote unaolika duniani, huota kwenye vichuguu vya miombo hii, na kofia yake inaweza kufika upana wa mita moja. Wanasayansi waliuandika rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1980, kutokana na vielelezo vya Zambia. Akina mama wanaouuza kando ya barabara za Katanga kila msimu wa mvua walikuwa wameupika vizazi na vizazi.

Kiangazi nacho kina maajabu yake, na kwa matembezi ya familia ndicho kipindi bora. Kuanzia Mei mvua inakuwa imekwisha, anga ni safi, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali kiasi cha kumfanya mtoto akumbatie sweta lake hadi saa tatu. Nyanda hizi ziko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata mchana joto halimchoshi anayetembea. Maganda ya muputu yakikauka hupasuka ghafla kwa mlio mkali na kurusha mbegu mbali. Watoto hushtuka, kisha huanza kushindana nani atasikia mlio unaofuata. Ikifika Septemba, wiki kadhaa kabla ya mvua, miombo hufanya jambo ambalo miti mingi haithubutu: huchipua majani mapya wakati ardhi ingali kavu, na majani hayo hutoka mekundu, ya zambarau na ya rangi ya shaba kabla ya kugeuka kijani. Wageni husafiri kutoka mbali kuja kuyaona, wakati mwenyeji wa Kipushi yuko mwendo wa baiskeli tu kutoka hapo.

Lakini mwendo huo wa baiskeli unazidi kurefuka, na sababu inajulikana. Kila alfajiri barabara zinazoingia Lubumbashi hupokea baiskeli zilizopakiwa magunia ya mkaa, makala kama unavyoitwa Katanga, yakipita kichwa cha anayesukuma. Jiji lina zaidi ya watu milioni 2, umeme hukatika, na nyumba nyingi hupikia mkaa. Tanuri la udongo, ambalo ndilo linalotumika zaidi, hupoteza sehemu kubwa ya mti: kwa tani moja ya mkaa huenda tani 5 hadi 10 za mbao. Watafiti waliopima kwa picha za setilaiti eneo linaloilisha Lubumbashi mkaa walikuta kwamba misitu iliyofunika zaidi ya robo tatu ya eneo hilo mwaka 1990 ilikuwa imebaki karibu asilimia 40 mwaka 2022. Miaka 32. Mzazi aliyezaliwa mwaka huo wa 1990 ameishi katika nchi mbili tofauti bila kuhama.

Haifai kumlaumu mchoma mkaa. Mgodi wa Kipushi, uliojulikana zamani kwa jina la Prince Léopold na kuendeshwa na Union Minière, kisha Gécamines, ulisimama mwaka 1993, wakati kampuni hiyo ya taifa ilipokuwa ikiporomoka. Mishahara ilipokatika, watu waliishi kwa kilimo, biashara ndogondogo na mkaa. Msitu ndio uliobeba mzigo wa kiwanda kilichoanguka. Mtu aliyesomesha watoto wake kwa magunia ya mkaa hastahili kuhutubiwa juu ya uzuri wa miti na watu wanaopikia mkaa huohuo. Anachostahili ni kazi nyingine msituni humohumo, na hapa ndipo matembezi ya familia yanapokuwa jambo zito kuliko burudani ya Jumapili. Anayeujua msitu wa Kipushi kuliko wote ni yeye. Anajua njia, anajua chemchemi, anajua ni kichuguu kipi kina nyuki na mti upi una mzinga. Yeye ndiye wa kuajiriwa kuwa kiongozi wa wageni.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa kwingine, na limefaulu. Nairobi kuna msitu wa Karura, hekta zipatazo 1,041, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 ulianza kugawiwa kimyakimya kwa wajenzi wenye urafiki na serikali. Wangari Maathai na wenzake wa Vuguvugu la Mkanda wa Kijani walikwenda kupanda miti mle, na tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na wahuni, Maathai mwenyewe akapasuliwa kichwa. Mgao ule ulikwama, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hata hivyo sehemu muhimu ya hadithi hiyo haisimuliwi sana. Baada ya kunusurika na wajenzi, Karura haukuwa mahali pa kumpeleka mtoto. Ulikuwa maficho ya majambazi, na wakazi wa Nairobi waliuogopa.

Mwaka 2009 likaundwa shirika la Marafiki wa Msitu wa Karura, likafanya kazi pamoja na idara ya misitu ya serikali. Uzio ukajengwa, njia zikasafishwa, na vijana kutoka Huruma, mtaa wa maskini unaopakana na msitu, wakafunzwa na kuajiriwa kuwa walinzi. Mgeni hulipa kiingilio langoni. Leo kuna zaidi ya kilomita 50 za njia za kutembea na kuendesha baiskeli, kuna maporomoko ya maji, kuna mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau, na mwishoni mwa wiki familia hujaa na vikapu vya chakula. Pendekezo lolote la kumega kipande cha Karura sasa hukutana na maelfu ya watu wanaokijua kipande hicho kwa miguu yao. Ulinzi wa namna hiyo haununuliwi kwa bunduki.

Kwenye pwani ya Kenya, karibu na magofu ya Gede, mradi wa Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993 ili wanakijiji wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wafuge vipepeo na kuuza pupa wake nje ya nchi. Mti ukisimama, kipepeo yupo. Mti ukianguka, kipato kimeanguka nao. Zanzibar, sehemu ya mapato ya kiingilio cha Jozani huenda kwa vijiji vinavyouzunguka msitu huo. Hakuna lolote katika mifano hii ambalo akili na mikono ya watu wa Kipushi haviliwezi.

Matembezi ya Kipushi yenyewe yasiwe magumu. Kilomita 3 hadi 5, saa mbili au tatu, kuanzia asubuhi jua likiwa bado laini. Mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa kitenge kama kawaida. Wa miaka minne au mitano atatembea mwenyewe akiruhusiwa kusimama kila anapoona kitu, na atasimama mara nyingi. Apewe ruhusa ya kupanda kichuguu kimoja kikubwa. Juu yake atakuta miti ya aina nyingine kabisa, isiyoonekana kwenye ardhi tambarare, kwa sababu mchwa wamepandisha udongo wa mfinyanzi wenye rutuba kutoka chini. Wakulima wa Katanga hulijua hilo na hupanda mazao yao juu yake. Mtoto akiuliza kwa nini, mzazi ajibu anachokijua, na asichokijua amwachie kiongozi.

Tembo na simba hawapo tena karibu na jiji, jambo la huzuni ambalo hata hivyo humpunguzia mzazi hofu. Waliopo ni ndege, na mmoja wao anafaa kusubiriwa: yule ndege mdogo anayelia kwa kusisitiza, akiruka kutoka mti hadi mti, akimwongoza mtu kwenye nyuki ili naye apate masega baada ya asali kurinwa. Warina asali wa miombo, kutoka Tanzania hadi Msumbiji, wamekuwa wakimfuata tangu zamani.

Hatari zipo na zisifichwe. Nyasi ndefu za Aprili huficha nyoka, kwa hiyo ni afadhali kungoja zilale, kisha kutembea kwa mstari na mtu mzima mwenye fimbo mbele. Upupu hukauka kipindi hichohicho, na mtoto atakayeyagusa maganda yake ya manyoya atalia siku nzima; afundishwe kuyatambua kabla ya kuingia. Uyoga usiliwe bila neno la mtu anayeujua, hata ukifanana sana na ule wa sokoni. Kisha kuna hatari za Katanga hasa. Wachimbaji wadogo huacha mashimo wazi, mengine yamefunikwa na majani, na njia ya watoto lazima ipite mbali nayo. Maji ya vijito yasinywewe: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Lubumbashi na Leuven ulikuta kwa wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga viwango vya kobalti kwenye mkojo ambavyo havikuwahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote. Chupa za maji zitoke nyumbani, na njia ichorwe upande usio na mabwawa ya mabaki ya madini. Zaidi ya hayo Kipushi iko mpakani. Anayefuata kijia bila kuuliza anaweza kujikuta Zambia, kwa hiyo watu wazima wabebe vitambulisho, na chifu wa eneo pamoja na ofisi ya wilaya waarifiwe mapema.

Moto unahitaji aya yake. Kila mwaka, kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi, nyasi za miombo huchomwa: na wawindaji, na wakulima, na watu wanaosafisha njia. Watu wengi hudhani moto ni moto. Ndola, ng'ambo ya mpaka, maofisa wa misitu walianza mwaka 1933 kutenga vipande vya miombo vilivyokatwa, kimoja kikichomwa mwanzoni mwa kiangazi, kingine mwishoni, kingine kikikingwa na moto kabisa. Tofauti ilikuwa kubwa. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu na upepo mkali, machipukizi yalikufa mwaka baada ya mwaka, na mahali pakabaki nyasi na vichaka. Palipokingwa, msitu ulijifunga na kuwa mzito. Palipochomwa mapema, moto ukiwa mdogo, miombo iliendelea kuwa miombo. Visiki vya miti hii vina uhai wa ajabu. Hata shoka likipita, mizizi huchipua tena, mradi shamba lisilimwe upya na moto wa Septemba usipite juu yake. Maana yake ni kwamba msitu uliokatwa karibu na Kipushi haujapotea bado. Ukiwa na njia inayotembelewa, nyasi zinaweza kuchomwa mapema kwa utaratibu, pembeni ya njia hiyo, na viongozi walewale wakalipwa kwa kazi hiyo.

Nani atalipa? Fedha zipo, na sheria imekwisha kuzitaja. Kanuni ya Migodi ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoathiriwa na mgodi. Kipushi mgodi umefufuka: uzalishaji wa zinki ulirudi mwaka 2024, chini ya kampuni inayomilikiwa kwa pamoja na Ivanhoe Mines na Gécamines, na Rais Félix Tshisekedi alikwenda kuuzindua mwezi Novemba mwaka huo. Fedha hizo hupelekwa kwenye shule, visima na zahanati, na ni haki. Kiasi kidogo sana cha fedha hizo kingetosha kusafisha njia kilomita 5, kuweka vibao vyenye majina ya miti kwa Kiswahili, Kilamba na Kifaransa, na kuwalipa viongozi kumi kwa mwaka. Eneo ambalo limetoa utajiri wa ardhini kwa karne nzima lina haki ya kudai kwamba kilicho juu ya ardhi nacho kitunzwe.

Na msitu uwe wa nani? Hapa pia njia ipo. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaziruhusu jamii za vijijini nchini Kongo kuomba umiliki wa kudumu wa misitu yao ya kimila, hadi hekta 50,000, na kuiendesha kwa mpango wao wenyewe. Eneo la utawala la Kipushi lina usultani wa Kaponda, usultani wa Kinyama na sekta ya Bukanda, na machifu wake wana neno kubwa juu ya ardhi. Kijiji kikishika hati ya msitu wake, kiingilio cha mgeni kinaingia kijijini. Bila hati, mgeni wa kwanza kuonekana na karatasi yenye muhuri anaweza kuuza miti yote kwa siku moja, kama ilivyotokea kwa mukula, ule mti wa mbao nyekundu uliokombwa Haut-Katanga katika miaka ya 2010 na kupakiwa kwenye malori kwenda China. Wanakijiji walipata vijisenti kwa kila gogo.

Shule nazo zisisubiri barua kutoka Kinshasa. Mwalimu wa darasa la tano anayefundisha mimea kwa picha za ubaoni ana maabara bora nje ya mji. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina walimu na wanafunzi wanaojua kila mti wa miombo. Huko Mikembo, kaskazini-mashariki mwa jiji, wamekuwa wakifuatilia eneo la hekta 10 ambapo kila mti mkubwa umepimwa na kuwekewa namba. Wanafunzi hao wakipewa jukumu la kuongoza darasa moja moja la watoto wa Kipushi kila Mei na Juni, kabla ya mitihani, watoto watapata somo na wao watapata mazoezi ya kueleza elimu yao kwa lugha inayoeleweka.

Kuhusu siku ya kuanza, kalenda ya Kongo imekwisha kuchagua. Tarehe 1 Agosti ni Siku ya Wazazi, sikukuu ya taifa. Asubuhi familia huenda makaburini kusafisha na kuwakumbuka waliotangulia, kisha hurudi kula pamoja. Shule zimefungwa kwa likizo kubwa, nyasi zimelala, mbingu haina wingu. Mchana wa siku hiyo, kikundi cha familia kumi au kumi na tano za Kipushi, zikiwa zimekwisha kumwarifu chifu na kumlipa mchoma mkaa mmoja ujira wa siku nzima, kinaweza kuondoka mjini saa nane, kutembea kilomita 3 na kurudi kabla jua halijazama saa kumi na mbili. Parokia, vikundi vya kwaya na vyama vya wazazi vya shule vina orodha za majina na vina viongozi. Kazi ya kukusanya watu kwao ni ya jioni moja. Ujira wa kiongozi uwe angalau sawa na bei ya magunia ambayo angeuza siku hiyo, ulipwe mkononi mbele ya wote, na mwezi unaofuata aitwe tena.